Spika Kubwa Siku ya Kumposa Chebet

Ndugu wasomaji, nichekeni taratibu. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikachuma majani chai ili nilee wadogo zangu. Kwa hiyo watu wa Litein walipokuja kumposa dada yangu Chebet, mimi ndiye niliyekaa mahali pa baba.

Ili watuheshimu, niliazima amplifaya ya kanisa, betri ya gari na spika tatu. Mbili ndogo ziliimba uani vizuri. Ile kubwa ya besi ilikosa tundu, nikaichomeka kwenye tundu la maikrofoni. Ikanyamaza kabisa. Nikaiweka jikoni isinyeshewe, nisijue kwamba spika ikichomekwa hapo hugeuka kuwa maikrofoni.

Desturi yetu ni kukataa kwanza. Nikasimamisha muziki, nikawakazia wageni uso.

"Msichana wetu bado mdogo. Rudini kwenu."

Kisha nikakimbilia jikoni kwa senge, dada wa marehemu baba.

"Senge, wakisimama kweli, funga lango! Chebet hatanisamehe. Hata ng'ombe kipofu nitapokea!"

Sauti yangu ikanguruma uani kama ya mhubiri. Mzee wao akaniita:

"Mwenye boma, tulia, hatuendi popote. Huyo kipofu tunaye, ila anapiga mateke."