Bei ya Jeneza la Rugemalira

Placidius alikuwa fundi seremala wetu pale Igurwa. Mimi nilishika upande wa pili wa msumeno wake. Ukitaka mlango au kiti, alikutajia bei papo hapo. Jeneza hakulitajia bei kamwe. Kwetu ilikuwa aibu kupatana bei na mtu anayelia, hivyo wafiwa walisema, "Tutaonana baada ya matanga." Baada ya matanga walileta kuku au mkungu wa ndizi, na wengine hawakuonekana tena. Mwaka 1951, asubuhi moja baada ya Pasaka, Placidius alifunga vifaa vyake kwenye gunia. Alitaka kwenda Uganda kulima pamba.

Asubuhi hiyo akaja mzee Rugemalira, miguu ina udongo wa shambani.

"Shikamoo, tata," tulimwamkia, maana kwetu mzee ni tata, baba.

"Marahaba. Fungua gunia. Nataka jeneza."

"Pole sana. Nani ametutoka?"

"Hakuna. Ni langu."

Placidius aliangalia njiani kama kuna aliyesikia.

"Tata, nenda nyumbani. Watu watasema nimekuroga."

"Nikifa, mwanangu Elpidius atakuja hapa analia. Utamtajia bei?"

Placidius alitikisa kichwa kukataa.

"Basi mimi silii. Nitajie."

"Shilingi thelathini," Placidius alisema kwa sauti ndogo.

"Thelathini! Mlango ulinitoza kumi na mbili, na una bawaba."

"Mlango ni upande mmoja, tata. Jeneza lina pande sita."

"Wa chini nani atauona? Punguza. Halafu mimi ni mfupi, usiniuzie mbao za mtu mrefu."

Akavua kofia, akapanda kwenye meza ya kazi, akalala chali na kufumba macho. Placidius akachomoa kamba ya kupimia guniani, akamnyoshea toka kichwani hadi miguuni.

Mke wa mzee, Kokugonza, alikuwa anatoka mtoni na wanawake wenzake. Aliona mume wake amelala mezani na fundi anampima. Mtungi ulianguka ukapasuka. Alipiga yowe, wenzake wakalipokea, na watu wakaja mbio kutoka migombani, wengine na majembe mkononi.

Rugemalira akainuka, akaketi.

"Nyamaza, mama Elpidius. Bado tunapatana."

Yowe lilikatika. Mwanamke mmoja alikimbia bila kuangalia nyuma. Waliobaki walisimama midomo wazi, na mbele yao wote mzee akaendelea kushusha bei hadi shilingi ishirini na mbili. Nusu aliitoa pale pale, iliyokuwa imefungwa kwenye pindo la kanzu.

"Mmesikia wote," aliwaambia. "Mtu mfupi, mbao za msizi, ishirini na mbili. Atakayefiwa asimsumbue fundi."

Kokugonza aliokota vigae vya mtungi wake, akaondoka peke yake.

Kamba ilirudi guniani, na gunia likafungwa tena. Placidius alisema kwa fujo ile hakuna mtu atakayekuja tena kwake, na mimi niliamini hivyo. Siku ya tatu Kokugonza alitokea mlangoni, uso bado umekunjwa. Hakutusalimu.

"Mimi nimemzidi urefu," alisema. "Unaongeza ngapi?"

Placidius akafungua gunia, akatoa kamba.

"Mbili, mama," alisema. "Lakini usilale mezani. Nitakupima umesimama."