Wa Kwanza Kumaliza Mtihani wa Kompyuta

Leo nimemaliza wa kwanza, na nimefeli peke yangu.

Mtihani wa kompyuta, hapa Mkuyuni. Shirika letu limeuzwa, na mnunuzi hataki karani asiyejua kompyuta.

Barua nilichapa safi, mimi mpiga taipureta wa miaka yote. Mama Rehema wa masjala bado alikuwa anatafuta herufi kwa kidole kimoja.

Mwalimu akasema, "Ongezeni neno moja mstari wa kwanza."

Barua ya Mama Rehema ikajipanga yenyewe. Yangu ikavunjika mistari yote.

Mwalimu akaniinamia: "Mama, ulikuwa unabonyeza Enta, kitufe cha kushuka, kila mwisho wa mstari?"

Ndiyo. Kwenye taipureta usiposhuka, unachapa nje ya karatasi. Kumbe kompyuta inashuka yenyewe.

Narudia kesho. Nimekaa hapa nachapa juu ya meza, na kila mwisho wa mstari kidole kinakwenda chenyewe kwenye Enta.

Nyie mlioacha taipureta, kidole hicho mlikizuiaje?