Vioo Viwili vya Ambrose Tierney

Miaka kumi na tisa Ambrose Tierney ameyapigia magazeti ya Chicago picha za wauaji na matajiri walioachana na wake zao, lakini mhariri wake, Garrity, hakuwa mtu wa kukumbuka ya jana. Alimwambia, "Ukirudi bila uso wa yule mama, ngazi hizi usizipande tena."

Yule mama ni Bi Lavinia Stroud, aliyeshtakiwa kumpa mumewe sumu. Mji mzima ulikuwa na hamu ya kumwona, naye siku nne alikuja mahakamani na shela nyeusi usoni. Tena jaji alikwishasema: picha marufuku.

Tierney alikaa karibu na dirisha, kamera ndogo chini ya koti. Saa tano mama akaomba maji. Shela ikapanda. Tierney akafunua koti, akabonyeza, kamera ikalia, akachomoa kasha la kioo kinachonasa picha na kulitia mfukoni, mlimokuwa na jingine lisilotumika.

"Nimesikia!" Doogan, askari wa mahakama, akamkokota hadi nje ya mlango. "Mwanahizaya we, toa kioo."

"Kioo gani, ndugu yangu? Nilikuwa najikuna."

"Unajikuna kwa chuma? Toa, au leo unalala ndani."

Wapiga picha wote wa mji walikuwa na hila moja. Kila kasha lina kifuniko chenye upande mweupe na upande mweusi. Kioo kikiwa kipya, mweupe hutazama nje. Ukishapiga, unageuza mweusi. Ukikamatwa unatoa jeupe, lenye kioo kitupu, huku unalia kama unayenyang'anywa mwana. Tierney akachungulia mfukoni, akaona kasha jeupe, akalitoa. Doogan akakiponda kioo kwa kisigino.

"Pole, mzee," akasema. "Msalimie mkeo Nora, mwambie mumewe kaponea chupuchupu."

Ndani ya tramu ya kurudi gazetini akalitoa lile kasha lililobaki. Nalo lilikuwa jeupe.

Alisahau kugeuza! Kioo kimoja kina uso, kimoja kitupu, na hajui kipi kimepondwa. Kufungua hawezi, mwanga utakiua. Tramu nayo ikasimama kila kona.

"Unaumwa, bwana?" abiria wa pembeni akamuuliza.

"Bado."

Kwenye chumba cha giza cha gazeti alikitumbukiza kioo ndani ya dawa ya kusafishia picha, akahesabu hadi mia. Hakuna kitu. Akahesabu mia nyingine. Hata kivuli hakuna.

Angeweza kusema Doogan amekivunja kioo chenye uso, na isingekuwa uongo.

"Nilimpa askari kioo chenyewe kwa mkono wangu," akamwambia Garrity. "Sikugeuza kifuniko."

Garrity, ambaye naye aliwahi kuwa mpiga picha, hakufoka. Kama angefoka ingekuwa afadhali. "Hata mwanafunzi hasahau hilo, Ambrose."

"Najua."

"Kamera ni ya gazeti."

Tierney akaiweka mezani. Akashuka ngazi akipanga maneno ya kumwambia mkewe, nayo yakakataa kupangika.