Mafuta ya Mbarika na Kitambaa cha Mama Mkwe

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, miaka ya tisini, nilitoka kwangu mtaa wa Laini Saba nang'aa kama sufuria mpya, nikafika Kawangware kama andazi lililoangukia vumbi. Ngoja nikueleze, mwanangu, maana nawaona siku hizi mbele ya kioo na vichupa vyenu, mnataka ngozi ya mwaka mzima ipatikane kabla ya chai.

Mimi shule niliiachia darasa la tatu. Kusoma kwangu ni kwa kuokoteza herufi, lakini nyundo naijua. Nilikuja Nairobi kutoka Bungoma na shati moja, nikawa fundi wa majiko kando ya reli, na kwa hayo majiko nimejenga nyumba mtaa wa Satellite. Sisemi ili unipigie makofi. Lakini ukitaka kupiga, piga.

Kazi ya majiko ni mabati, moto na majivu. Ngozi yangu ilikauka mpaka ungeweza kuandika jina lako mgongoni kwa ukucha. Visigino vilipasuka hadi nikijigeuza kitandani shuka linanasa. Mimi sikujali. Aliyejali ni Mwende, msichana wa Kitui aliyeuza mboga Kawangware, ambaye nilikuwa nimeamua kumuoa.

"Wafula," aliniambia, "ukinishika mkono ni kama nimeshikwa na msasa."

"Huo ni mkono wa mwanamume."

"Haya, Jumapili mpe baba yangu huo mkono wa mwanamume. Yeye ni fundi viatu. Mtu akimsalimia, anamkagua ngozi vile anakagua kiatu. Na akikukataa, mimi sitoroki na mtu. Nakwambia mapema."

Hapo nikaanza kujali.

Jumamosi jioni nikamwendea jirani yangu, Mama Naliaka. Huyu mama alikuwa akikaanga mbegu za mbarika, anazitwanga, anazichemsha na kuengua mafuta yanayoelea juu, mazito kama asali. Akanijazia chupa ya soda.

"Matone machache tu," akasema, "ukishaoga, ngozi ikiwa bado na maji maji. Kila usiku. Na ule mboga, Wafula. Huwezi kuishi kwa chai na mkate halafu ulaumu ngozi."

Nikamwambia nimesikia. Na kusikia nilisikia kweli. Lakini kila usiku wa wapi, na Jumapili ni kesho? Mtu anaenda kuposa mke, unampimia matone? Asubuhi nilijimwagia chupa yote, kuanzia utosini hadi kidole kidogo cha mguu. Yaliyobaki viganjani nikayasugua kwenye nywele. Nikavaa shati jeupe, likanishika kama ngozi ya pili, nikaondoka kwa miguu, kichwa juu.

Mwanangu, barabara ya kwenda Kawangware wakati ule ilikuwa vumbi tupu. Kila lori lililopita lilinigawia fungu langu, na mimi nililipokea lote, halikudondoka hata chembe. Watoto wakanifuata wakiimba, "Niaje, tofali! Niaje, tofali!" Nikadhani wananionea wivu.

Mwende akafungua mlango.

"Ulianguka wapi?"

"Sijaanguka."

"Basi ingia hivyo hivyo."

Ndani kulikuwa na kochi, na juu ya kochi vitambaa vyeupe pe, vilivyofumwa na mama yake mwenyewe. Nikaketi. Nikaegemea, kwa raha, kama mwenye nyumba. Mzee Musyoka, baba mtu, akaja na kunyoosha mkono. Nikaupokea. Ukaponyoka kama kambare. Akanishika tena kwa nguvu, nikaponyoka tena. Akanusa kiganja chake.

"Mbarika," akasema. Halafu akaita jikoni, "Mama Mwende! Njoo uone. Kijana amejipaka mafuta kama ile ngozi ya kulalia ya nyanya yangu!"

Mama mtu akatokea na birika. Nikainuka kwa heshima kumsalimia. Kitambaa nacho kikainuka. Kilikuwa kimeganda mgongoni, na mimi sijui, nikainama na kusalimia hivyo hivyo kama askofu. Mwende akakimbilia nje. Nilimsikia akicheka huko mpaka akakohoa.

Mama akanibandua kitambaa chake, akakinyoosha mbele ya dirisha. Mgongo wangu wote ulikuwa pale, mafuta na vumbi, hata mishono ya shati ilionekana. Nikajua nimekosa mke.

Mzee akachukua kitambaa cha kung'arishia viatu, akanifuta mkono polepole, akaubonyeza kwa kidole gumba.

"Kijana, ukiniletea kiatu kilichokauka miaka, nikakimwagia chupa nzima ya mafuta, kitalainika?"

"Kitalainika, mzee."

"Kitalegea uzi. Ngozi unailisha kidogo, unafuta, unaiacha inywe, kesho unarudi. Wewe umeitesa miaka yote hiyo, sasa unataka ikusamehe asubuhi moja?"

Akageuza kiganja changu juu, akagusa sugu za nyundo.

"Lakini hizi hazikuletwa na usingizi. Hizi usizionee haya."

Ndipo mama akafungua kinywa. "Hiki kitambaa hakitatakata tena."

"Kwa hivyo?" mzee akauliza.

"Kwa hivyo lazima arudi. Alete uzi mweupe."

Mzee akafikiri. "Akirudi na uzi, aje na wazee wake pia." Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Na hao wazee waje wakavu."

Basi, mwanangu, sikia la mzee. Mafuta ya mimea ni mazuri, mbarika, simsim, alizeti, hata avokado, lakini ni matone, kwenye ngozi iliyooshwa na bado ina maji maji, na ni kila siku, si siku ya wageni. Ngozi inakula pia kupitia mdomoni: mboga ya managu, kunde, karoti, njugu, avokado ulie mkate badala ya kuula kwa chai tupu. Na maji unywe. Mafuta yakikuwasha, acha, nenda zahanati, usiongeze. Zile krimu za kuchubua tupa kabisa, hujakosea kuzaliwa na rangi yako. Mimi nilianza na matone ya Mama Naliaka Jumatatu ile, na Mwende hajataja msasa tena, ingawa mengine anayataja.

Mungu akupe ngozi laini na akuachie sugu za kazi yako. Na siku utakapoketi kwenye kochi la wakwe, akujalie uinuke peke yako.