Difu ya Baba

Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya, maofisa walifika kabla ya nyumba zao, na kila banda la Maisaka likageuka chumba cha kupangisha. Ndivyo gari la baba lilivyofukuzwa bandani. Lilikuwa limelala humo tangu nikiwa shule ya msingi, limefunikwa mashuka. Baba, mwalimu mstaafu wa hesabu, alilipenda kwa namna ambayo sisi watoto hatukuthubutu kuidai.

Injini iliwaka bila ubishi. Tukaelekea Singe, baba usukani, mimi pembeni yake, mama nyuma. Mwendo ulipoongezeka, mngurumo mzito ukapanda kutoka chini ya kiti cha mama.

"Difu," baba akasema, hata kabla ya kupunguza mwendo.

"Mbona linalia huku kulia kwangu?" mama akauliza. "Na ukikata kona ya kushoto linazidi."

"Mama watoto, difu iko katikati ya ekseli. Italiaje kulia?"

Nilipendekeza tupige jeki, tuzungushe gurudumu mojamoja kwa mkono na kusikiliza. Baba alinitazama kama mwanafunzi aliyeleta jibu bila njia. Kupima, alisema, ni kwa asiyejua.

Akaifungua difu uani, lile bonge la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, akaiosha kwa mafuta ya taa ndani ya beseni la mama la kufulia. Meno yake yalimetameta, hayana hata mkwaruzo. Baba aliyatazama kwa huzuni ya daktari aliyempasua mtu asiye na ugonjwa. Akayarudisha, kisha akasema tuangalie na pembeni, kwa ukamilifu tu.

Tuliinua gurudumu la kulia. Nikalizungusha, mama akaweka kiganja kwenye springi.

"Linakwaruza," akasema. "Weka mkono wako hapa, Baba watoto."

Baba akaweka. Kisha akaenda kutafuta spana.

Beringi ya gurudumu hilo ilikuwa imeliwa na kutu upande mmoja, ule uliokaa chini miaka yote gari liliposimama bila kusogea. Mpya tuliiagiza Arusha. Tulipoifunga, mngurumo ukaisha kabisa, tukarudi barabarani tukiwa wenye furaha.

Gari liliposhika mwendo, ukaanza mlio mwembamba kama wa mbu, kutoka katikati kabisa. Meno ya difu hayakuwa yamerudi jinsi yalivyokaa kabla baba hajayagusa. Nilimtazama nikihofia ataumia. Badala yake uso wake ulikuwa ukikunjuka taratibu.

"Sasa mnasikia?" akasema. "Difu."

Mama akageukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mimi nilifurahi kwa ajili ya baba, kwa furaha ambayo mpaka leo siwezi kuieleza vizuri. Gari liliimba hivyo miaka yote aliyoliendesha, na hakuifungua tena difu. Ugonjwa ukishajulikana, alisema, hauna haraka.