Bibi Anakuja Kusubiri Pua Yangu Ifunguliwe

Admin, nifichie jina, na saluni yangu usiitaje, maana Lusahunga ni padogo na kila mwenye simu anaufuata ukurasa huu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Nawaandikia nikiwa nimeegemea mito mitatu, kwa sababu daktari amekataza nilaze kichwa chini. Juu ya pua nimebandikwa gamba gumu la plasta, macho yamevimba na kuwa meusi, na napumulia mdomo kama kuku aliyeshikwa na jua. Sijapata ajali wala sijapigwa. Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza pua, kwa hiari yangu mwenyewe. Wenye kutukana watangulie, ila mjue matusi yote nimeshajitukana.

Pua yangu ilikuwa pana, na katikati ina kinundu. Shuleni walinicheka mpaka nikawa nakaa dawati la nyuma. Nimekua, nimefungua saluni, nikaanza kurusha video za misuko, na watu badala ya kutazama nywele wakawa wanaandika habari za pua. Mume wangu, anayeziba pancha za malori hapa barabarani, aliniambia, "Mama Fulani, hiyo pua ndiyo niliyoiposa mimi. Hao wanaokucheka wamekuoa?" Sikio la kufa halisikii dawa. Nikapanda basi, nikaenda mjini, nikarudi na miwani nyeusi na barakoa.

Majirani wakaanza kuuliza. Nikaona aibu kusema ukweli, na nikaogopa mume wangu ataitwa mpiga wanawake, naye hajawahi kuninyanyulia hata sauti. Nikasema nimeanguka na bodaboda. Nilidhani yameisha. Kumbe habari mbaya haihitaji nauli, maana kesho yake ilikuwa imeshafika Keza kwa bibi yangu, mama mzaa baba.

Niwaeleze kuhusu bibi huyu ndipo mtanielewa. Baba yangu alifariki mimi nikiwa tumboni, kabla hajampeleka mama kwao. Nilipozaliwa mama alinibeba mgongoni mpaka Keza. Baba mdogo akasimama mlangoni akasema hawamjui mwanamke huyo, mtoto ampeleke alikompatia. Bibi akatoka shambani na jembe lake, akanishusha mgongoni kwa mama, akaweka kidole gumba katikati ya macho yangu, akakiteremsha mpaka kwenye kinundu. Akasema, "Pua hii niliizaa mimi. Mtoto ni wetu. Ingieni ndani mle." Kisa hicho wanakijua pale kijijini wote. Nimepata ukoo na mahali pa kukulia kwa sababu ya pua.

Siku hizi bibi haoni kabisa. Nikifika na kumwamkia shikamoo, haitikii kwanza. Ananivuta, anateremsha kile kidole gumba, na kikigonga kinundu anacheka, ndipo anasema, "Marahaba, mwana wanje," yaani mwanangu. Siku moja aliniambia, "Baba yako hakuacha hata picha. Mimi picha yangu ni hii." Niliyasikia kwa masikio yangu, na bado nikaenda kuikata. Niwaambie ukweli, nilipokuwa kwenye kile kitanda cha hospitali niliwaza wateja tu. Bibi hakunijia akilini hata kidogo, na hilo ndilo linaloniua.

Juzi baba mdogo amepiga simu. Anasema bibi amegoma kula tangu asikie nimeanguka. Nikaomba niongee naye.

"Bibi, mimi mzima, usisumbuke."

"Kwenye simu kila mtu ni mzima. Nikuguse ndio nijue."

"Bibi, hutaweza kunigusa. Nimefungwa plasta usoni."

"Basi nitakaa kwako mpaka waifungue. Nina haraka gani mimi?"

Nimemwambia njia ni mbali, mgongo wake hauwezi pikipiki. Hakutaka kusikia. Bibi ambaye hata kanisani siku hizi haendi, anapelekewa komunyo nyumbani, kesho baba mdogo anampakia mpaka barabara ya lami, wapande basi. Na baba mdogo alipochukua simu yake akacheka, akasema, "Jiandae, mama anakuja kukagua pua yake." Yule yule aliyesimama mlangoni.

Mume wangu anasema nimwambie akishashuka tu, njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimewaza kunyamaza, gamba likitoka aamini ni bodaboda iliyovunja kile kinundu. Lakini akiamini hivyo, atalia kwamba mwanawe amemponyoka mara ya pili. Nikisema ukweli, atajua aliyemwondoa ni mimi. Nimempigia daktari kumuuliza kama kinundu kinaweza kurudishwa. Akasema nisubiri uvimbe ushuke kwanza. Ni jibu gani hilo? Nalia, na kulia kwenyewe nimekatazwa, maana pua inaziba na siruhusiwi kupenga kamasi.

Mume wangu ameshatandika kitanda cha bibi karibu na changu. Atakaa hapo, namjua, atataka aninyweshe uji kwa mkono wake, atanisalia rozari, atauliza kila asubuhi kama leo ndiyo siku ya kufungua. Mimi nitakuwa namjibu bado, bibi, bado.

Ndugu zangu, mnaonisoma, wenye bibi na msio nao, nisaidieni, akili yangu imefika mwisho. Nimwambie kesho mbele ya baba mdogo, au ninyamaze mpaka gamba litoke, kidole chake kiteremke chenyewe kikatafute kitu ambacho hakipo?