Madirisha Sita ya Behewa la Kasenga

Kosa hili ni langu peke yangu, wala simsingizii mtu.

Nyuma ya shule yetu hapa Kasenga kuna behewa la reli ya zamani, ambalo mwishoni lilikuwa bweni la mafundi wa kutengeneza njia ya treni. Kamati ya wazazi ilitaka likatwe, chuma chake kiwe milango ya madarasa. Mimi, mwalimu wao, nikapinga. Nilihesabu madirisha sita mapana, nikawauliza wanaume wawili wa bandarini, kisha nikatangaza kwamba kabla ya kupewa mafundi lilibeba abiria wenye vyeo. Niliandika historia yake kurasa nne. Wazazi, kwa kuniheshimu, wakaliacha.

Juzi tuliwaita watu waje kuliona. Mama Zawadi, mjane wa mmoja wa mafundi wale, nilimpa kiti cha mbele. Nikasoma kwa sauti hadi mahali ambapo abiria wanatazama ziwa dirishani.

Mama Zawadi akaangua kicheko.

"Baba Espoir, weye! Abiria gani? Ile madirisha bwana yangu ndiye alikata, juu ya joto, walikuwa wanashindwa kulala. Mbele ya mafundi kuingia, ndani mule mulikuwa munapanda ng'ombe ya kutoka Sange."

"Na ng'ombe walitazama ziwa?" akauliza fundi wa kuchomelea ambaye angelikata. Watu wakacheka.

"Lakini Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliuliza wanaume ya bandari. Miye, nani aliniuliza?"

Wazazi wakanigeukia. Misimu miwili mvua ilikuwa imewanyeshea watoto wao katika madarasa yasiyo na milango, kwa ajili ya kurasa zangu nne.